Je, wajua kwa nini ramani ya mawazo hufundisha zaidi kitabu kikiwa kimefungwa?

Mwalimu wa darasa la nne anaandika neno MAJI katikati ya skrini. Watoto wanataja: mvua, mto, kisima, barafu, mvuke. Kila neno linapata kiduara na mstari wake. Hiyo ndiyo ramani ya mawazo, mchoro ambao Mwingereza Tony Buzan aliupatia umaarufu kupitia televisheni ya BBC mwaka 1974. Siku hizi huchorwa mtandaoni kwa programu kama Coggle na MindMeister.

Akili hushika mambo machache kwa mara moja, na ya mtoto hushika machache zaidi. Mchoro unamtunzia mengine, naye anabaki na kazi ya kufikiri kipi kinahusiana na kipi. Akigundua kwamba barafu na mvuke ni maji yaleyale katika hali tofauti, anaviburuta kwa kidole hadi kwenye tawi jipya. Kwenye daftari angefuta mpaka karatasi itoboke, au angeacha kosa lilivyo.

Ila uhondo wenyewe uko kwenye mistari. Miaka ya 1970, Joseph Novak wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichunguza jinsi watoto wanavyoelewa sayansi, na katika ramani zake kila mstari ulibeba maneno. Mtoto akiunganisha "mvuke" na "mawingu", muulize: mstari huu unasemaje? Akiandika "hupoa na kuwa", ameelewa. Akiandika "ni moshi wa", mwalimu ameshajua kesho aanzie wapi.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt walichapisha katika jarida la Science utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Waliosoma makala kisha wakajikumbusha bila kuitazama walifanya vizuri zaidi wiki moja baadaye kuliko waliochora ramani huku makala iko mbele yao. Kwa hiyo watoto wachore kwanza wanachokumbuka, ndipo wafungue kitabu na kujaza mapengo kwa rangi nyingine. Rangi zitumike kwa kazi hiyo. Wakiachiwa kupamba tu, kipindi kitaisha bila somo.

Wala si lazima kila mtoto awe na kifaa. Tanzania, vishikwambi vya sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na kimoja kikiunganishwa na projekta kinatosha darasa zima, mradi kila dawati litoe neno lake na kueleza mstari wake.