Trela la maji hufia stoo

Trela langu la kwanza la kusafishia maji ya mafuriko lilikaa stoo miezi kumi na tisa bila kuguswa. Siku lilipohitajika, mvua bado inanyesha, tulifungua mlango tukakuta tairi moja limelala chini na panya wamezaa ndani ya mpira wa kunyonyea. Kijana wetu alivuta kamba ya pampu mpaka kiganja kikachubuka. Haikuwaka. Petroli iliyobaki kwenye kabureta ilikuwa imegeuka ulimbo. Tukafungua sanduku la vifaa: spana zote nyekundu kwa kutu, kwa sababu mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, nilipanga ndoo ya klorini ya unga ikae pembeni yao. Taasisi iliyolinunua sitaitaja. Aliyechora ni mimi.

Nina karakana ndogo Morogoro, nabuni na kuchomelea vifaa vya maafa vinavyovutwa na gari. Mteja akija huanza na swali la nguvu: litatoa lita ngapi kwa saa? Swali la haki, nitalijibu. Ila siku hizi mimi huanza na langu: litalala wapi, na nani ana ufunguo?

Hesabu ya lita si ngumu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada huvifuata, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Trela langu la sasa lina matangi mawili ya turubai ya lita 10,000 kila moja, yanayopokezana zamu. Kujaza, kutia dawa, kuacha tope litue, kuhamisha maji safi na kusafisha chini huchukua kama saa tano, kwa hiyo matangi mawili yananipa wastani wa lita 4,000 kwa saa. Mkifanya kazi saa kumi mna lita 40,000, yaani watu 2,600 hivi. Hao wanahitaji mabomba kumi na moja. Nikaweka vigingi viwili vya mabomba sita sita.

Sasa angalia mtego uliopo hapo. Bomba moja likitoa lita 7.5 kwa dakika, kumi na mawili yakifunguliwa pamoja yanakunywa lita 5,400 kwa saa. Uzalishaji ni 4,000. Na akina mama hawaji kwa wastani, wanakuja alfajiri na jioni, wote na madumu yao. Ndiyo maana lipo tangi la tatu la maji yaliyokwisha kutibiwa, linalojazwa mchana foleni ikiwa fupi. Nimeona michoro mizuri ya wenzangu isiyo na tangi hilo.

Kuna anayeniuliza kila mara kwa nini trela lisibebe maji kabisa. Mita moja ya ujazo wa maji ni tani moja, ndugu yangu. Tani hiyo kwenye udongo uliolowa itazama mpaka ekseli.

Mahali penyewe ndipo panapoamua umbo. Desemba 3, 2023, tope, magogo na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya themanini wakafariki. Hali kama ile hukuachia barabara iliyozibwa, na trela lako linasubiri katapila limalize kazi. Miezi michache baadaye, Aprili 2024, Rufiji na Kibiti walikuwa na shida ya namna nyingine: maji yaliyotanda tambarare kwa siku nyingi, na vijiji vya kufikiwa kwa boti. Trela lisiloweza kufumuliwa halina msaada huko kote kuwili. Langu mimi ni kabati lenye magurudumu. Kila kitu ndani kimefungwa kwenye masanduku ambayo watu wawili wanaweza kuyabeba, yasiyozidi kilo 50, na kila sanduku hukaa katikati ya mtumbwi bila kuupindua. Ringi na tairi ni zile zile za Land Cruiser inayolivuta, ili spea moja ihudumie vyote viwili na spana ya nati iwe moja.

Pampu nayo, mwanzoni niliifunga kwa bolti kwenye fremu. Ikapendeza sana pale karakana. Pampu haivuti maji kutoka chini zaidi ya mita saba hivi, hata uifokee, kwa kuwa kinachoyasukuma maji kupanda ni uzito wa hewa. Ukipanda mpaka Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi zaidi, mita zinapungua na injini nayo inakosa pumzi. Kwa hiyo ni pampu inayoufuata mto, na trela linabaki pakavu. Leo iko kwenye machela ya bomba yenye mishikio minne.

Sehemu niliyoipigania kuliko zote ni viungio vya mipira. Hebu jiweke hapo: saa nane usiku, mvua, taa ya kichwani inafifia, na kijana wa kujitolea ambaye hajalala tangu jana anaunganisha mpira. Akiuchomeka mpira wa maji ya mtoni kwenye tangi la maji safi, foleni nzima ya asubuhi inakunywa mto. Rangi haisaidii sana. Tope hupaka kila kitu rangi moja. Nikaamua upande wote wa maji machafu uwe wa inchi 3 na upande wote wa maji safi inchi 2, na ndani ya masanduku hakuna kipunguzio hata kimoja cha kuunganisha vipimo hivyo. Mpira usiohusika haukubali kuingia. Mnunuzi mmoja alilalamika kwamba kipimo kimoja kingekuwa rahisi kwa vipuri. Kweli. Nilikataa. Pini zote nazo zimefungwa kwa cheni fupi, maana pini ikidondoka kwenye tope huiokoti tena mpaka kiangazi.

Kwenye maji yenyewe, watu hukimbilia klorini. Maji ya mafuriko yana rangi ya chai ya maziwa, na klorini ukiitia humo inaishia kupambana na tope na taka, vijidudu vinapona. Kwanza shabu, ile ile ya kinyozi. Kiasi gani, hutegemea mto wa siku hiyo, kwa hiyo kwenye kila trela naweka chupa sita za plastiki zilizokatwa shingo na bomba la sindano. Yeyusha gramu 10 za shabu katika lita moja ya maji safi. Kila chupa itie lita moja ya maji ya mto, kisha weka mililita 2 ya mchanganyiko huo kwenye chupa ya kwanza, 4 ya pili, 6 ya tatu, hivyo hivyo mpaka 12. Koroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole kama unakoroga uji wa mtoto, dakika kumi. Acha nusu saa. Utaona tope likishikana mabonge laini kama pamba na kuzama. Chupa ya kwanza iliyotakata vizuri ndiyo kipimo chako. Kila mililita moja humo ni gramu 100 za shabu kwa tangi la lita 10,000. Kuongeza zaidi ya hapo ni kupoteza shabu.

Maji yakishakuwa meupe, chini ya NTU 5 (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji), ndipo klorini iingie. Subiri nusu saa upime kwa kidonge kinachoyageuza maji kuwa ya waridi: bombani ibaki kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Klorini hiyo ya unga ndiyo iliyonila spana. Hupumua mvuke unaokula chuma, hupungua nguvu kwenye joto la chini ya bati, na ikikutana na mafuta inaweza kuwaka moto. Sasa ina sanduku lake la plastiki, ubavu wa pili wa trela, mbali na petroli, na tarehe ya kufunguliwa imeandikwa kifunikoni kwa wino mnene.

Petroli sikuiacha, ingawa dizeli hudumu zaidi ikiwekwa. Injini ya dizeli ni nzito kwenye machela, na kijijini ukikosa vyote bado utapata petroli ya bodaboda kwenye chupa. Huwa imechakachuliwa mara nyingine, ndiyo maana kuna faneli yenye chujio laini. Kanuni ya kulaza pampu nimeipaka rangi kwenye tangi lake la mafuta: FUNGA KOKI, IACHE IZIME YENYEWE. Ikizima hivyo kabureta inabaki kavu.

Na bado stoo ingeshinda. Orodha ya ukaguzi wa kila mwezi tuliwahi kuiweka. Ilisainiwa miezi sita mfululizo kwa kalamu ile ile, siku moja. Kwa hiyo kwenye mkataba wa trela la mwisho niliomba lipewe kazi ya kawaida: kila Jumamosi ya pili likasafishe maji ya shule ya bweni ambayo kisima chake hukauka. Mhasibu akasema litachakaa. Nikamwambia lichakae tu.

Mwezi uliopita gasketi ya pampu ilipasuka pale shuleni, wasichana wamepanga ndoo za kufulia mpaka getini. Waligombeza kweli. Jumatatu asubuhi ilikuwa imebadilishwa, na mlinzi wa stoo, ambaye zamani hakujua hata koki iko wapi, ndiye aliyenipigia simu kuniambia namba ya gasketi.