Mjamzito anayemeza dawa za sonona: mtoto hazaliwi teja jamani

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, mama mmoja jirani akamwambia mbele za watu eti "hizo dawa zako mtoto atazaliwa teja". Usiku ule ule akaacha sertralini, ndo dawa yake ya sonona, bila kumwambia mtu, wiki haijaisha ana kizunguzungu, halali, anasema kichwani anasikia kama shoti ya umeme, baadae hali chakula na kliniki hataki kwenda. Ndo maana naandika, maana maneno haya yanaumiza watu kweli.

Eti mtoto anazaliwa teja. Hapana. Teja anaitafuta dawa, roho yake yote iko huko, mtoto mchanga hana hayo. Kinachotokea ni kwamba dawa kidogo inapita kwenye kondo la nyuma, mtoto akizaliwa mwili wake unazoea kukaa bila hiyo dawa, kwa hiyo kati ya watoto 10 ambao mama zao wametumia hadi mwisho wa ujauzito kama 3 hivi wanaonyesha dalili: anatetemeka, analia sana, usingizi wa kushtuka shtuka, kunyonya kwa shida, anahema haraka haraka. Mara nyingi inaanza ndani ya siku 2 za kwanza na kuisha ndani ya siku chache, wengine hadi wiki 2. Wengi wanatulizwa tu na kifua cha mama, titi la mara kwa mara na chumba kisicho na kelele, wachache ndo wanahitaji oksijeni.

Ila hapa sikilizeni vizuri, mtoto akitetemeka usikae nyumbani ukasema aah ni zile dawa, kwasababu sukari ikishuka au akiwa na infeksheni anatetemeka hivyo hivyo. Kajifungulie hospitali na uombe msiruhusiwe mapema, mtoto aangaliwe siku 2 au 3.

Eti mapafu yanaharibika. Hili lina chanzo chake. Kuna hali mishipa ya damu ya mapafu haifunguki sawasawa mtoto akishazaliwa, ni hatari, na mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari, halafu 2011 wenyewe wakasema tafiti zinapingana. Kwa kawaida inawapata watoto kama 2 katika kila 1000, kwa ambao mama zao walitumia dawa mwishoni mwa ujauzito ni kama 3 katika 1000. Imeongezeka ndio, lakini waliobaki 997 hawana.

Eti ukiona mistari miwili tu kwenye kipimo cha mimba, acha dawa. Hili ndo baya kuliko yote. Kuna utafiti wa Marekani wa 2006, wanawake waliokuwa na historia ya sonona inayojirudia, walioacha dawa 68 kati ya 100 iliwarudia wakiwa bado wajawazito, walioendelea ni 26. Na sonona yenyewe sio kitu cha kumwachia mjamzito apambane nacho kimya kimya, inahusishwa na watoto njiti na uzito mdogo, na kuna wanaojitoa uhai. Kama ni kupunguza dozi au kubadilisha, daktari ndo apange, taratibu.

Kuhusu ulemavu, dawa haziko sawa zote. Paroksetini ilitolewa onyo 2005 kwa ajili ya moyo wa mtoto ndo maana madaktari wengi wanaikwepa, sertralini ndo inapendelewa. Halafu watu wanachanganya na valproeti, hiyo ni ya kifafa na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ile kweli ina madhara makubwa kwa mimba lakini sio dawa ya sonona. Na wanaosema dawa inaleta usonji, watafiti walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alitumia dawa akiwa na mimba yake na mwingine hakutumia, hawakuona tofauti ya maana.

Kunyonyesha? Nyonyesha, sertralini inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana.

Mdogo wangu alirudishiwa dawa na daktari. Mtoto alitetemeka kidevu usiku wa kwanza na titi lilimshinda, tukawa tunamkamulia kwenye kikombe, siku ya 4 akanyonya mwenyewe. Kilichotusaidia ni kwamba nesi alishaandika jina la dawa na dozi kwenye kadi ya kliniki, maana uchungu ulivyomshika asingeweza kumweleza mtu chochote.