Je, wajua? Bibo si tunda

Kwa miaka mingi nimewaambia wageni wanaofika Mtwara kwa mara ya kwanza kwamba korosho ni mbegu ya ajabu, imetoka ikakaa nje ya tunda lake. Nalisema kwa fahari kabisa, bibo jekundu mkononi, korosho ikining'inia kama hereni. Wageni wanashangaa, wanapiga picha. Kumbe nilikuwa nawalisha uongo, na aliyenigutua hakuwa bwana shamba wala mwalimu wa biolojia. Alikuwa mjomba wangu, na wala hakukusudia kunisahihisha.

Tulikuwa shambani, upande wa Newala, msimu wa kuokota ukiwa bado haujaanza. Nikaona korosho za kijani zimeshakuwa kubwa, zimejikunja kama figo, kila moja kwenye kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti. Mabibo hakuna.

"Mjomba, mabibo yameliwa na nini?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mpwa aliyekaa mjini muda mrefu mno. "Yaliwe na nini, mpwa wangu? Hayajaja. Korosho hutangulia, bibo hufuata."

Kila mkulima wa kusini anajua hilo. Mimi nililisikia, nikaitikia, nikarudi nyumbani, na usiku ndipo likanikwama. Ni mbegu gani hiyo inayotangulia tunda lake?

Hakuna. Tunda la mmea wowote unaotoa maua ni ovari ya ua iliyokomaa, yaani kile kifuko kinachobeba mayai ya ua. Yai likirutubishwa huwa mbegu, na kifuko kinachoizunguka huwa tunda. Utamu hauhusiki, juisi haihusiki. Ganda la kijivu la korosho, lile gumu linalobanguliwa, ndilo ukuta wa ovari. Kwa hiyo korosho pamoja na ganda lake ni tunda zima, na ile nyeupe tunayotafuna ndiyo mbegu, imekaa ndani kama mbegu nyingine zote zenye adabu. Bibo ni kikonyo cha ua kilichovimba.

Nilibisha, nikiwa peke yangu, kwa muda. Kitu chenye maji vile, chenye rangi vile, kiitwe kikonyo? Kilichonimaliza ni kutazama ua lenyewe. Ua la mkorosho ni dogo, jeupe linaloelekea waridi, na lina harufu tamu. Katika kichala kimoja mengi ni madume matupu. Machache tu ndiyo yana jinsi zote mbili, na ni hayo tu yanayoweza kuzaa. Lipasue lile lenye jinsi mbili utaona ovari imekaa juu ya mahali petali zilipoota. Petali zikishapukutika, mahali pale panabaki kuwa mpaka. Sasa chukua bibo bivu ukautafute mpaka huo. Upo pale pale unaponyofoa korosho. Kilicho upande wa korosho kilikuwa ovari, na kilicho upande wa pili, bibo lote na ukakasi wake na madoa yake yasiyotoka kwenye shati, kilikuwa kikonyo tangu mwanzo.

Mwembe ni ndugu wa mkorosho, familia moja kabisa, na kwake mambo yamegawanywa kinyume. Ukuta wa ovari ya mwembe ndio nyama ya embe tunayoila, na kikonyo kimebaki kikonyo. Mkorosho umeugeuza ukuta ule kuwa ngao yenye mafuta makali. Waliowahi kubangua kwa mikono bila kinga wanayajua kwa ngozi zao. Undugu unaonekana hapo pia, maana utomvu wa embe bichi nao huunguza midomo ya mtoto asiye na subira.

Asili ya mti wenyewe ni Brazili. Wareno waliuleta pwani hii katika karne ya 16, na hilo latosha kwa historia, kwa sababu kuna swali tamu zaidi. Kikonyo kinajuaje kwamba wakati wa kuvimba umefika?

Tuanze na binadamu. Mimba ikishajishika, ile chembechembe changa, ambayo haina hata moyo bado, inatuma homoni kwenye damu ya mama. Ujumbe wake ni mmoja: nipo. Ovari ya mama ikiupata, inaendelea kutoa projesteroni, ukuta wa kizazi haubomoki, na hedhi haiji. Kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinadukua barua hiyo tu, hakipimi kingine. Kwa maneno mengine, anayeanza kutoa maagizo ni mtoto, na mwili wa mama ndio unaojipanga upya kumfuata.

Mimea nayo huandikiana barua za namna hiyo. Stroberi ni mfano uliochunguzwa vizuri. Vile vidoa vya nje tunavyodhani ni mbegu ndivyo matunda yenyewe, na nyama nyekundu ni kitako cha ua kilichovimba, kwa hiyo ni ndugu wa bibo kwa tabia ingawa si kwa ukoo. Mwaka 1950 mtafiti Jean Nitsch alichapisha majaribio ya kuving'oa vidoa vile stroberi ikiwa changa. Kitako kikaacha kukua. Alipopaka homoni iitwayo auksini badala yake, kikaendelea. Alipoacha vidoa upande mmoja tu, upande huo ndio ulionenepa.

Hilo ni jaribio la stroberi, na sitalibebesha mzigo wa korosho zote za Tandahimba. Lakini mpangilio wa mkorosho unaendana nalo. Kwa wiki nne au tano za mwanzo korosho hukua peke yake mpaka inafikia ukubwa wake, kikonyo kikiwa bado njiti. Kisha inakauka, inakaza ganda, hata inasinyaa kidogo. Hapo ndipo kikonyo kinapoamka, na katika wiki chache za mwisho kinaipita korosho kwa uzito mara tano na zaidi.

Kwa mtu wa huku ratiba hiyo haina ugeni. Pilau la siku ya kuwatoa wari halipikwi siku wanayoingia ndani. Unasubiri wari wawe tayari, ndipo sufuria zinapanda jikoni na wageni wanaitwa. Mti nao ungetengeneza bibo mapema, wageni wangekula wakaondoka na korosho isiyoweza kuota.

Wageni hao ni akina nani? Popo wanajulikana kunyakua bibo pamoja na korosho yake, wakala laini na kuangusha ngumu mbali na mti mama. Nyani na tumbili nao hawalazi damu. Kwamba bibo lilitokea kwa ajili yao ni hoja nzuri, ila ni hoja ya kukisia. Hakuna aliyekuwepo kuandika muhtasari wa kikao.

Soko, kwa upande wake, halijawahi kuchanganyikiwa kama mimi. Ghalani hupokelewa tunda, kikonyo hubaki shambani.

Msimu ulipofika nilimsimulia mjomba habari zote hizi, kuanzia ovari hadi stroberi. Alikuwa ameinama chini ya mti, ananyofoa korosho anatia kwenye ndoo, mabibo anayarundika pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kikonyo," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

Akaligeuza bibo moja mkononi, akalitazama juu na chini. "Kwa hiyo uraka ni pombe ya vikonyo," akasema, akalitupa kwenye rundo, akaokota lingine.