Jino limemeguka lakini haliumi: maswali na majibu

Jino kumeguka ni nini?
Ni kukatika kipande cha jino. Likikatika gamba la nje tu, enameli, ulimi utahisi ukali. Likikatika hadi kwenye dentini, tabaka la manjano lililo chini yake, maji baridi yatakuchoma. Ukiona nukta nyekundu au damu katikati ya palipokatika, kiini, sehemu laini ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, kiko wazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hapa Dodoma meno yanamegwa na nini zaidi?
Vizibo vya soda na bia. Ncha ya jino la mbele ni nyembamba, haikuumbwa kung'oa chuma. Tafadhali, tumieni opena! Kisha changarawe: mtama na uwele ukipurwa juu ya ardhi tupu hubeba mawe hadi sahani. Pureni juu ya turubai. Kupepeta kwa ungo hakutoshi, maana jiwe dogo lina uzito karibu na punje. Mwaga nafaka kwenye beseni la maji mengi, koroga, kisha chota ya juu kidogo kidogo; mawe yatabaki chini. Mchele na choroko vivyo hivyo. Wengine huvunja mbegu za ubuyu, hutafuna mifupa na barafu, au hukata uzi kwa meno. Jino lililooza humeguka hata kwa ugali.

Limemeguka, haliumi. Nisubiri?
Hapana. Dentini ina vitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye kiini, na bakteria hupita humo bila wewe kuhisi chochote.

Liliuma siku mbili, sasa limetulia. Si limepona?
Hapana, nasema tena hapana! Jino lililovunjika halijifungi lenyewe kama kidonda. Maumivu yakikoma ghafla, huenda kiini kimekufa. Baadaye jino hugeuka kijivu, ufizi hutunga usaha, shavu linavimba. Jino ambalo lingezibwa kwa muda mfupi sasa linahitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa. Wengi wanaokuja na shavu limevimba walikuwa na jibu moja: "Lilikuwa haliumi."

Nifanye nini kabla ya kufika hospitali?
Sukutua kwa maji safi ya uvuguvugu. Damu ikitoka, bana kitambaa safi kwa dakika 10. Kipande kitie kwenye maziwa yasiyoganda, uje nacho. Mara nyingine hubandikwa tena kwenye jino. Usisage aspirini ukaiweka kwenye ufizi, inauunguza. Usilainishe ncha kwa tupa.

Na likitoka zima?
La mtu mzima: lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Suuza haraka bila kusugua, lirudishe kwenye tundu lake, uma kitambaa. Ukishindwa, liweke kwenye maziwa. Fika ndani ya dakika 30. Kila dakika inayopita hupunguza nafasi ya kuliokoa.

Meno yangu yana madoa ya kahawia tangu utotoni. Yanamegeka zaidi?
Yanaweza. Maji ya baadhi ya visima vya kanda ya kati, Singida hasa, yana floraidi nyingi, na enameli iliyokua kwa maji hayo ikiathirika sana huwa dhaifu. Wewe usijaribu kizibo hata mara moja.

Mtoto kaanguka. Ni jino la utoto, si litatoka tu?
Mlete. Likitoka zima usilirudishe, utaumiza la ukubwani lililo chini yake. Lakini hata likimeguka ncha tu, lazima lionwe. Ufizi ukivimba au akipata homa, usingoje kesho.