Nukta zipi hazikusogea? Kufundisha akisi, mzunguko, uhamisho na ukuzaji

Kwa miaka mingi mada hii ya kugeuza maumbo imewafikia wanafunzi wa Tanzania wakiwa Kidato cha Pili kwa michoro, kisha ikawarudia Kidato cha Nne kwa matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu. Katikati ya vituo hivyo viwili wengi hubaki na orodha ya kanuni tu: (x, y) inakuwa (−y, x), inakuwa (y, x), inakuwa (−x, y). Mwenye orodha hiyo hupata alama kitovu kikiwa (0, 0), na hukwama kitovu kikihamishwa nafasi moja tu.

Mimi huijenga mada yote juu ya swali moja: baada ya kila tendo kati ya haya manne, nukta zipi zimebaki pale pale? Kwenye akisi hubaki mstari mzima wa kioo. Kwenye mzunguko hubaki nukta moja, yaani kitovu. Kwenye uhamisho haibaki hata moja. Kwenye ukuzaji hubaki kitovu peke yake, ila safari hii urefu wa pande nao hubadilika. Mwaka 1872, huko Erlangen, Ujerumani, Felix Klein alipendekeza kwamba kila aina ya jiometri itambuliwe kwa yale yasiyobadilika maumbo yanapogeuzwa. Darasani wazo hilo halihitaji jina lake kubwa. Swali lenyewe linatosha.

Kabla ya kuchora chochote, chagua umbo vizuri. Vitabu na walimu hupenda mraba kwa sababu ni rahisi kuchora, lakini kwa mada hii mraba unaficha makosa. Chukua mraba wenye ncha (1, 1), (3, 1), (3, 3) na (1, 3). Uakisi kwenye mhimili wa y, au uhamishe nafasi 4 kushoto, au uzungushe nyuzi 90 kinyume na mwendo wa saa kwa kitovu (0, 0). Mara zote tatu taswira, yaani umbo linalopatikana baada ya tendo, inakaa kwenye miraba ile ile ya grafu. Mwanafunzi aliyezungusha badala ya kuakisi anapata tiki, na wala hajui kwamba amekosea. Tumia pembetatu isiyo na pande mbili zilizo sawa. Hapa natumia A(1, 1), B(4, 1), C(1, 3), na ncha za taswira ziandikwe A′, B′, C′ kila mara, bila msamaha. Taswira isiyo na herufi haisahihishiki.

Kifaa kinachofaa kuliko vyote ni kipande cha nailoni angavu, ile ya kufunikia madaftari, pamoja na kalamu ya maka. Mwanafunzi ananakili pembetatu na kitovu kwenye nailoni, anakita ncha ya bikari kwenye kitovu, kisha anazungusha nailoni. Anaona kwa macho kwamba umbo zima linasafiri kukizunguka kitovu. Hilo ndilo linalowapiga chenga wengi: wakiambiwa wazungushe pembetatu kwa kitovu kilicho nje yake, huigeuza papo hapo ilipo, kana kwamba kitovu kimo ndani ya umbo au kwenye ncha mojawapo.

Akisi ndiyo huonekana nyepesi, mpaka mstari wa kioo uwe wa mshazari. Mpe mwanafunzi B(4, 1) aiakisi kwenye mstari y = x. Wengi huhesabu nafasi 3 kwenda kushoto mpaka kwenye mstari, wanafika (1, 1), kisha wanaongeza nafasi 3 nyingine na kuandika (−2, 1). Kosa hili lina ujanja wake, maana nukta ya katikati ya (4, 1) na (−2, 1) iko kweli kwenye mstari. Kwa hiyo kupima umbali peke yake hakutoshi. Kuna masharti mawili na yote lazima yatimie: katikati ya B na B′ iwe juu ya mstari wa kioo, na kipande BB′ kiukate mstari huo kwa pembe mraba. Jibu sahihi, (1, 4), linatimiza yote mawili: katikati ni (2.5, 2.5), na BB′ inakata y = x kwa nyuzi 90. Asiyeamini akunje karatasi ya grafu kwenye mstari na kutoboa B kwa ncha ya bikari. Tundu litatokea (1, 4). Pia wape zoezi ambalo mstari wa kioo unapita katikati ya umbo. Wengi hulihamishia umbo lote upande mmoja, na swali letu linawarudisha: nukta zilizo juu ya mstari hazisogei.

Mzunguko unadai taarifa tatu: kitovu, pembe na upande. Kinyume na mwendo wa saa ni chanya. Kitovu kisipokuwa (0, 0), hatua ni hizi: toa kitovu, zungusha, rudisha kitovu. Zungusha pembetatu yetu nyuzi 90 chanya kwa kitovu P(1, −1). Kwa B: 4 − 1 ni 3, na 1 − (−1) ni 2, kwa hiyo (3, 2). Ikizungushwa inakuwa (−2, 3). Ongeza P, unapata B′(−1, 2). Vivyo hivyo A′ ni (−1, −1) na C′ ni (−3, −1). Aliyekurupuka na kanuni ya (−y, x) bila kutoa kitovu atapata (−1, 1), (−1, 4) na (−3, 1): ukubwa sahihi, mkao sahihi, ila umbo zima limekaa nafasi 2 juu ya pale linapotakiwa. Kwa kutazama tu huligundui. Pima kwa bikari: PB na PB′ lazima ziwe sawa.

Swali la kinyume, la kutafuta kitovu, ni zuri zaidi. Unganisha A na A′, kisha chora mstari unaoigawa AA′ katikati kwa pembe mraba. Fanya hivyo hivyo kwa ncha nyingine, na mistari hiyo miwili itakutana kwenye kitovu. Lakini hapa ukichagua A na C, mistari yote miwili inageuka kuwa mmoja, y = −x, na mwanafunzi anadhani ameharibu. Hajaharibu: A, C na P ziko kwenye mstari mmoja ulionyooka, ndiyo maana. Achukue B. Mstari wake ni y = 5x − 6, nao unakutana na y = −x kwenye (1, −1).

Uhamisho hauna mengi. Kosa lake ni kuhesabu uwazi ulio kati ya umbo na taswira badala ya kuhesabu kutoka ncha hadi ncha yake, A hadi A′.

Kwenye ukuzaji, umbali wote hupimwa kutoka kitovu. Kigezo, yaani idadi ya mara za kukuza, kikiwa 2, umbali kutoka kitovu hadi A′ ni mara mbili ya umbali wa kitovu hadi A. Anayeanza kupima kutoka A anajikuta amekuza mara 3. Eneo hukua kwa mraba wa kigezo: pembetatu yetu ina eneo 3, na kwa kigezo 3 inafikia 27. Kigezo hasi hupeleka taswira ng'ambo ya kitovu.

Tukifika kwenye matriksi, usiwakaririshe matriksi nane. Wafundishe kwamba safu wima ya kwanza ni mahali (1, 0) inapofikia, na ya pili ni mahali (0, 1) inapofikia. Kwa mzunguko wa nyuzi 90, (1, 0) inakwenda (0, 1), na (0, 1) inakwenda (−1, 0), matriksi imekwisha. Ditaminanti, namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matriksi, inaonyesha eneo limekua mara ngapi, na ikiwa hasi ujue umbo limepinduliwa kama kwenye akisi. Na kwa kuwa matriksi ya 2 kwa 2 huiacha (0, 0) mahali pake daima, haiwezi kufanya uhamisho, wala mzunguko wetu wa kitovu P. Huo unahitaji matriksi pamoja na vekta (0, −2), yaani kushuka nafasi 2, na hizo ndizo zile nafasi 2 alizokosea aliyekurupuka.

Mpangilio wa matendo upewe kipindi chake. Akisi (4, 1) kwenye mhimili wa x, kisha zungusha nyuzi 90: (4, −1), halafu (1, 4). Hiyo ni akisi kwenye y = x. Anza na mzunguko: (−1, 4), halafu (−1, −4), ambayo ni akisi kwenye y = −x. Matriksi ya tendo la kwanza huandikwa kulia, karibu na nukta, na ya pili kushoto kwake. Anayeziandika kwa mpangilio wa kusoma hupata jibu la swali lingine, kwa hiyo kila mara apitishe nukta moja kwa mkono kabla ya kuliamini zao la matriksi.