Koo linauma, na upasuaji ulikuwa wa ngiri

Swali hili hunikuta wodini asubuhi ya pili baada ya upasuaji. Mzee ametengenezwa ngiri, kidonda kikavu, homa hana, lakini amekunja uso. "Daktari, nilikatwa huku chini. Mbona koo ndilo linaniuma?" Wengine huuliza kwa kunong'ona kwa sababu sauti imekwaruza. Mmoja aliwahi kunishika mkono akaniuliza, kwa adabu zote, kama tulimkaba.

Hatukumkaba. Tulimwekea mpira wa kupumulia kooni, na kosa letu sisi watu wa usingizi lilikuwa kutomwambia mapema. Maumivu hayo mara nyingi huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Lakini swali lake linagusa sehemu ya kazi yetu ambayo mgonjwa haioni kamwe, na ambayo watafiti wamekuwa wakibishania vifaa vyake kwa miaka mingi.

Watu hudhani nusukaputi ni kulala. Aliyelala kwake usiku, mate yakimpalia anakohoa. Ulimi ukirudi nyuma anakoroma, anajigeuza ubavu, mambo yanaendelea. Aliyepewa nusukaputi hana kinga hizo. Ulimi unaporomoka nyuma ya koo na kuziba njia. Tukiongeza dawa ya kulegeza misuli, ambayo daktari wa upasuaji huihitaji ili tumbo lisikaze chini ya kisu, kifua nacho kinasimama. Kuanzia hapo pumzi yake iko mikononi mwetu, na saa inahesabu.

Inahesabu kwa kasi gani? Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kila dakika. Akilazwa usingizi akiwa amevuta hewa ya kawaida ya chumbani, akiba yake ni ya dakika moja hivi, labda na kidogo zaidi, kabla oksijeni ya damu haijaporomoka. Akivuta oksijeni tupu kwa barakoa dakika 3 kabla ya kulala, makadirio ni kwamba mwenye afya anaweza kukaa karibu dakika 8 bila kupumua kabla kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakijashuka chini ya asilimia 90. Mtu mnene sana hafiki dakika 3. Mtoto mchanga na mjamzito nao akiba yao ni ndogo. Kwa hiyo ile barakoa inayonuka plastiki, ambayo wagonjwa wengi huisukuma wakisema inawaziba, ndiyo inayotununulia muda. Iache ikae, vuta pumzi ndefu.

Utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulilipima jambo hili kwa wagonjwa mahututi 1,301. Kwa kura, nusu walipewa oksijeni kwa barakoa ya kawaida kabla ya kuwekewa mpira, nusu kwa barakoa iliyobana inayosukuma hewa kwa shinikizo. Katika kundi la kwanza, wagonjwa 18.5 kati ya 100 walishuka oksijeni kupita kiasi. Katika kundi la pili, 9.1. Tofauti hiyo ilipatikana kabla hata kinywa hakijafunguliwa.

Sasa tukifungue. Kifaa chetu cha siku zote ni laringoskopu: mpini wenye betri na bapa la chuma lililopinda, taa karibu na ncha. Bapa hilo lilibuniwa na Robert Macintosh, profesa wa Oxford, mwaka 1943, na ukifungua sanduku la usingizi katika hospitali nyingi za wilaya leo ndilo utakalolikuta. Unalishika kwa mkono wa kushoto, unaliingiza upande wa kulia wa kinywa, unausogeza ulimi kushoto na kuteremka taratibu mpaka uone kidaka tonge, kile kipande kidogo cha nyama kinachofunika njia ya hewa tunapomeza. Hapo unanyanyua kwenda mbele na juu. Huegemei meno. Mwanafunzi akiegemea meno, mwalimu husikia kile kimlio cha chuma kabla hajaona chochote. Ukinyanyua sawasawa, kidaka tonge kinainuka kama pazia na nyuma yake zinajitokeza nyuzi za sauti: mistari miwili myeupe iliyokutana juu, katikati pembetatu nyeusi. Mpira unapita hapo. Chini yake kidogo kuna tundu jingine, laini, linalokaribisha mpira kwa urahisi zaidi. Hilo ni umio, njia ya chakula.

Ugumu ni kwamba jicho la daktari liko nje na nyuzi ziko ndani, kwenye kona. Kuna watu ambao kona hiyo hainyooki: shingo fupi, kidevu kidogo, meno ya juu yaliyotangulia, kovu la moto shingoni, taya lisilofunguka. Laringoskopu ya video imelihamisha jicho. Kamera ndogo iko karibu na ncha ya bapa, picha iko kwenye kioo, na chumba kizima kinaona anachokiona daktari.

Je, inasaidia kweli, au ni mapambo ya hospitali tajiri? Hapa tafiti zipo na ni kubwa. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo kutoka vitengo 17 vya dharura na vya wagonjwa mahututi nchini Marekani, wagonjwa 1,417, kila mmoja akipangiwa kifaa kwa kura. Kura ina maana kubwa: inazuia daktari kumpelekea mgonjwa rahisi kifaa anachokipenda. Kwa video, mpira uliingia katika jaribio la kwanza kwa asilimia 85.1 ya wagonjwa; kwa laringoskopu ya kawaida, asilimia 70.8. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Wengi wa waliokuwa wakiingiza mipira hiyo walikuwa madaktari walioko mafunzoni. Mwaka uliofuata, Cleveland Clinic huko Ohio ilitoa matokeo ya pasuaji zaidi ya 8,400 za moyo, kifua na mishipa, ambako vyumba vya upasuaji ndivyo vilivyopangiwa kifaa kwa zamu. Waliohitaji zaidi ya jaribio moja walikuwa asilimia 1.7 kwa video na 7.6 kwa kifaa cha kawaida.

Jaribio la kwanza lina uzito kwa sababu kila jaribio linaacha alama. Koo linavimba, damu inachuruzika, akiba ya oksijeni inapungua. La pili huwa gumu kuliko la kwanza, la tatu gumu kuliko la pili. Na koo la mzee wetu wa ngiri linauma zaidi.

Lakini soma utafiti wa 2023 mpaka chini. Matatizo makubwa wakati wa kuweka mpira, kama oksijeni kushuka sana, presha kuanguka au moyo kusimama, yaliwapata asilimia 21.4 ya kundi la video na asilimia 20.9 ya kundi jingine. Yaani sawa. Cleveland nako, majeraha ya meno na koo hayakutofautiana kwa maana yoyote. Mpira uliingia mapema, ila mgonjwa hakuonekana kusalimika zaidi. Mimi nayaelewa hivi: kamera inatatua tatizo la kuona, na mgonjwa mahututi ana matatizo mengine matatu yanayomsubiri. Wanaouza vifaa hivi hutuonyesha ukurasa wa juu tu.

Kamera nayo ina vituko vyake. Mate na damu huifunika. Bapa zilizopinda sana hukuonyesha nyuzi vizuri ajabu, kisha mpira unagoma kufika unakokuona. Usipokuwa na waya wa kuukunja ndani yake utabaki unatazama sinema. Na betri ikiisha saa nane usiku, Macintosh wa 1943 ndiye anayerudi kazini.

Kuna swali ambalo haitoshi kulijibu kwa macho: mpira umekaa wapi? Kusikiliza kifua kwa stetoskopu kumeshadanganya wataalamu wazuri. Mvuke ndani ya mpira umeshadanganya. Kisichodanganya kirahisi ni hewa ukaa. Mapafu huitoa kila pumzi, tumbo halina ya kutoa pumzi baada ya pumzi. Kapnografu huichora kwenye kioo, kilima baada ya kilima. Uingereza walifanya ukaguzi wa nchi nzima wa ajali za njia ya hewa, ripoti ikatoka mwaka 2011. Ilisema kwamba katika vitengo vya wagonjwa mahututi, kutotumia kapnografu huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vilivyotokana na ajali hizo. Wenzetu wa huko sasa wana msemo kwamba pasipo mchoro, mpira hauko mahali pake. Hospitali yenye fedha za kifaa kimoja ikiniuliza, nitasema kapnografu kwanza, kamera baadaye. Najua wapo wenzangu watakaobisha.

Mwaka 2005, hukohuko Uingereza, mama wa watoto wawili alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa mifupa ya pua. Alipolazwa usingizi njia ya hewa ikaziba. Chumbani walikuwemo madaktari wenye uzoefu na vifaa vya kutosha. Waliendelea kujaribu kuingiza mpira, tena na tena, huku oksijeni iko chini. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa shingo akasema viko tayari; hakuna aliyeviomba. Mama yule alifariki siku kadhaa baadaye. Mume wake, Martin Bromiley, alikuwa rubani, na kwa miaka yote tangu hapo amekuwa akiwafundisha madaktari kile marubani wanachokijua: mtu akibanwa huona kitu kimoja tu, na aliye pembeni lazima aruhusiwe kusema kwa sauti. Kwetu, ambako mwenye kuona mara nyingi ni muuguzi na mwenye kung'ang'ania ni daktari mkubwa, nadhani somo hilo lina uzito kuliko kioo chochote.

Si kila nusukaputi inahitaji mpira. Barakoa ya laringi, aliyoibuni Archie Brain huko London mwaka 1981, hukaa juu ya nyuzi za sauti bila kupita katikati yake, na koo haliumi sana kama kwa mpira. Haizuii vizuri matapishi, kwa hiyo haimfai mwenye tumbo lililojaa.

Na tumbo hilo ndilo linalotufanya tuulize tena na tena umekula saa ngapi. Mwaka 1946, daktari wa New York aitwaye Curtis Mendelson aliandika juu ya akina mama 66, kati ya wajawazito 44,016, waliopaliwa na vilivyomo tumboni wakiwa chini ya dawa ya usingizi. Hii ni sababu mojawapo inayotufanya tupendelee sindano ya mgongo mama anapojifungua kwa upasuaji. Kwa kawaida tunataka saa 6 bila chakula, 8 kama kilikuwa na mafuta mengi, 4 kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama. Maji matupu yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla, ila fuata ulichoambiwa na wodi yako. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula, hata kama ni kikombe kidogo ulichopewa na shangazi kwa huruma. Ukishakunywa, sema, tutasogeza muda.

Sema pia kuhusu jino linalocheza na meno ya bandia. Sema ukikoroma mpaka mwenzako huhama chumba. Tukikuambia fungua kinywa utoe ulimi, hatutafuti jipu: tunatazama kama kimeo kinaonekana, kipimo kilichoandikwa na daktari Mallampati mwaka 1985. Peke yake hubahatisha sana, ndiyo maana tunakupima na shingo.

Na kama uliwahi kuambiwa kwamba ulisumbua kuwekewa mpira, omba uandikiwe. Mwaka jana alikuja mzee mmoja kwa upasuaji wa tezi. Kabla sijamaliza maswali yangu alifungua mfuko wa nailoni, akatoa kadi ya kliniki iliyofubaa, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwenzetu wa hospitali nyingine alikuwa ameandika kwa kalamu: nyuzi hazionekani kwa bapa la kawaida, barakoa na mfuko vinapitisha hewa vizuri, video ilifaa jaribio la kwanza. Mistari mitatu. Tuliitoa video sandukuni kabla hatujamlaza.