Kupanua barabara pekee hakumalizi foleni

Wengi wetu Mbeya tunaamini kwamba barabara kuu iendayo Tunduma ikiongezwa njia, foleni itakwisha. Si wazo la ajabu. Ila foleni nyingi za mjini huzaliwa kwenye makutano, na njia mpya nayo huvuta magari mengine. Ndiyo maana wapangaji huhesabu magari kwanza, kisha huigiza mwendo wake kwenye kompyuta: lori lenye mzigo, ambalo huhesabiwa kama magari madogo mawili au zaidi, daladala inayosimama ghafla, bajaji inayojipenyeza (hiyo ndiyo kazi!).

Unaweza kupima mwenyewe. Simama kwenye makutano ya Mafiati au Kabwe asubuhi, hesabu yanayovuka kwa dakika 15, malori kando, uone foleni inaanzia wapi. Rudia Jumapili, ulinganishe.